Jiokeshi wakati wa mapukutiko na theluji: kutafuta vikasha Minnesota bila kuganda

Hapa Minnesota watu wengi hucheza jiokeshi kuanzia Mei, na ikifika Oktoba wanaacha. Mimi naona wanaacha wakati mchezo unaanza kunoga. Majani yameanguka na mtu anaona mbali msituni, mbu wametoweka, bustani za kaunti hazina msongamano, na watoto waliojifungia ndani na skrini zao wanapata sababu ya kuvaa viatu. Lakini baridi ya huku haina mzaha, na aliyekulia Mombasa au Kisumu hakufundishwa na mtu yeyote nyumbani namna ya kukaa nayo. Mwongozo huu ni wake.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu anaficha kikasha mahali pa umma, anaweka nambari za GPS za mahali hapo mtandaoni, wewe unazifuata kwa simu, unakitafuta, unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo ndani, kisha unakirudisha palepale. Ulianza Mei 2000 katika jimbo la Oregon, mara tu serikali ya Marekani ilipoacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Dave Ulmer alificha ndoo msituni, akatangaza ilipo. Ndani mlikuwa na vitabu, manati, na kopo la maharage. Siku hizi chakula hakiruhusiwi kabisa, maana wanyama hunusa na kutafuna kikasha chote.

Hatua ya 1: Amua kila kitu ukiwa bado jikoni

Hatua hii ndiyo inayobeba nyingine zote. Baridi huzubaisha akili kabla haijaumiza mwili. Mtu aliyekwisha endesha gari dakika arobaini, na mshale wa simu unamwambia zimebaki mita mia mbili, atajiambia "kidogo tu" hata kama vidole havisikii tena. Kwa hiyo usiache uamuzi wowote mkubwa ukafanyike kule nje. Fanya ukiwa na chai mkononi.

Fungua programu ya Geocaching, au c:geo kama simu yako ni ya Android, usome ukurasa wa kikasha chenyewe. Kila kikasha kina alama mbili, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Ya kwanza ni ugumu wa kukiona, ya pili ni ugumu wa njia ya kukifikia. Alama ya njia usiiamini msimu huu, kwa kuwa mara nyingi aliyeitoa alipita hapo njia ikiwa kavu. Kilima chenye alama 2 mwezi wa Julai kinakuwa kitu kingine kabisa chini ya theluji ya magotini. Kwa mara za kwanza chukua visivyozidi 2 kwa 2, na ukubwa usiwe ule mdogo kabisa wa kikopo cha filamu.

Vipo vikasha vilivyowekewa alama ya kipande cha theluji, maana yake mwenyewe anasema kinapatikana majira ya baridi. Alama hiyo inasaidia, ila mimi naamini zaidi maandishi ya waliotangulia. Teremka chini usome tarehe. Ukiona mtu alikipata katikati ya Januari mwaka jana, kikasha hicho kiko juu ya ardhi na kinafikika. Ukiona waliokipata wote ni wa Mei hadi Septemba, na wa Desemba na Januari wameandika "sikukipata", basi kimelala chini ya gogo au kwenye mizizi, na theluji imekifunika. Kiache hadi Aprili. Angalia pia picha walizoweka, maana picha ya kisiki ikipigwa kiangazi bado itakusaidia kukitambua kisiki kilekile kikiwa kimevaa kofia nyeupe.

Kidokezo cha mwenye kikasha kisome na ukikariri kabla ya kutoka. Wakati wa kiangazi wengine huona kukisoma ni kudanganya. Katika nyuzi 15 chini ya sifuri hakuna anayekuuliza.

Sasa saa. Mwanzoni mwa Novemba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na ikifika Desemba jua la Minneapolis linazama kama saa kumi na nusu jioni. Ndiyo, kumi na nusu. Weka kengele ya kugeuka, yaani si ya kufika nyumbani bali ya kuacha kutafuta na kuanza kurudi garini, angalau saa moja na nusu kabla ya jua kuzama. Kengele ikilia unageuka, hata kama mshale unasema mita kumi.

Angalia pia upepo, usitazame nyuzijoto peke yake. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inatoa mfano huu: ikiwa ni nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili unahisi kama ni 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Mimi siku ya namna hiyo siendi na watoto. Nikienda peke yangu, nachagua kikasha cha kuchukua dakika kumi kutoka maegesho.

Mwisho, tuma ujumbe kwa mtu wa nyumbani: jina la bustani, gari limeegeshwa wapi, saa ngapi utakuwa umerudi. Na kama unaegesha barabarani mjini, sikiliza kama jiji limetangaza dharura ya theluji. Minneapolis, kwa mfano, kuna zamu ya siku tatu ya upande gani wa barabara uachwe wazi ili magari ya kusafisha yapite, na gari linalokutwa upande usio wake linaweza kuvutwa bila kuulizwa.

Hatua ya 2: Mapukutiko yana hatari zake

Oktoba na Novemba huwadanganya watu. Kuna jua, misitu imekuwa myekundu na ya dhahabu, unatoka na sweta. Lakini mambo matatu yanataka uangalifu.

La kwanza ni wawindaji. Msimu wa kuwinda paa kwa bunduki hufunguliwa mapema Novemba, na sehemu nyingi zenye vikasha ni ardhi ya umma ambako uwindaji unaruhusiwa. Baadhi ya hifadhi za jimbo hata hufungwa kwa wageni siku fulani kwa ajili ya uwindaji maalumu, kwa hiyo soma tangazo la hifadhi kabla ya kuondoka. Wawindaji wenyewe wanalazimika kuvaa rangi ya chungwa au waridi inayong'aa. Wewe vaa fulana ya chungwa ya aina hiyo juu ya jaketi, na mtoto vilevile, na mbwa kama unaye. Ni nguo rahisi, zinauzwa duka lolote la vifaa. Rangi ya kahawia na nyeupe ziache nyumbani: paa wa huku ana mkia mweupe, na huo ndio unaoangaliwa na mwenye bunduki.

La pili ni kupe. Wengi hudhani wameisha na joto. Kupe wa paa waliokomaa, wale wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, huamka tena wakati wa mapukutiko, na siku yoyote ya nyuzi kama 4 au zaidi wanaweza kutembea, almradi theluji haijafunika ardhi. Kuchakura majani makavu kwa mikono, jambo ambalo ndilo kazi yetu, ni kuwaita. Chomeka suruali ndani ya soksi, na mkirudi mkaguane nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele.

La tatu ni mtambaazi wa majani matatu matatu ambao wenyeji huuita poison ivy. Mafuta yake huwasha ngozi na kutoa malengelenge. Msimu huu majani yake yanakuwa mekundu mazuri, mtoto atataka kuyachuma. Yakishaanguka, bua linabaki na mafuta yaleyale, na hapo huna jani la kulitambulia. Kamba yenye manyoya manyoya iliyopanda mti usiiguse kwa mkono mtupu.

Hatua ya 3: Nguo

Pamba ni adui. Jasho likiingia kwenye fulana ya pamba halikauki, na ukisimama dakika tano kuchungulia kwenye matawi, linakugeukia. Ndani vaa sufu au nguo ya plastiki ile nyepesi ya michezo, katikati sweta nene, juu jaketi linalozuia upepo. Usinunue jipya kama huna haja. Maduka ya mitumba ya huku yamejaa sweta za sufu halisi kwa bei ya chakula cha mchana, na sisi tuliokulia Gikomba au Karume tunajua kuchagua.

Mikono ndiyo inayofanya kazi, kwa hiyo ivalie glavu mbili: nyembamba ya ndani unayoweza kufungulia kifuniko na kugusia simu, na juu yake ile nene yenye gumba tu, vidole vinne vikikaa pamoja kupashana joto. Viatu viwe na nafasi. Watu huongeza soksi mbili tatu hadi kiatu kinabana, damu haipiti, na miguu inaganda haraka kuliko ya mwenye soksi moja. Penye barafu tupu, vaa ule mpira wenye meno ya chuma unaovishwa juu ya kiatu. Marvini ya kichwani sihitaji kuisema.

Jifunze dalili. Ngozi ikiwa nyeupe au ya kijivu na haisikii, hiyo imeanza kuganda. Usiisugue, na hasa usiisugue kwa theluji kama wazee wengine wanavyoshauri. Iweke kwapani au tumboni, urudi garini. Mwenzako akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, akianza kujikwaa na maneno kumkwama, huo si uchovu. Piga 911.

Hatua ya 4: Simu na kalamu

GPS yenyewe haijali baridi. Tena majani yakiisha mitini simu huona anga vizuri zaidi. Kinachokufa ni betri. Simu iliyoonyesha asilimia 40 inaweza kuzima ghafla, kwa sababu betri za lithiamu za kuchaji hazitoi nguvu yake vizuri zikipoa. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, itoe kutazama mshale, irudishe. Pakua ramani na ukurasa wa kikasha ukiwa na Wi-Fi, kisha zima data. Pawabenki nayo ikae ndani ya jaketi, kwenye mkoba wa mgongoni itaganda vilevile. Wenye kifaa cha GPS cha mkononi watumie betri za lithiamu zisizochajiwa, zinazovumilia baridi kali kuliko zile za kawaida.

Chukua penseli. Wino wa kalamu hukwama kwenye baridi, na hakuna kinachoudhi kama kutembea saa nzima halafu ukashindwa kuandika jina. Beba pia kibano kidogo, karatasi kavu kadhaa ndani ya kifuko chenye zipu, kitambaa cha kukaushia, tochi ya kichwani, na fimbo ya kutembelea. Na chai ya tangawizi kwenye thamosi, kwa watoto na kwa utulivu wa wote.

Hatua ya 5: Kutafuta

Simu nzuri uwanjani inakosea mita chache. Aliyeficha naye alikosea zake. Kiangazi unazunguka duara la mita kumi ukichungulia kila kitu. Kwenye theluji huwezi kufukua duara la mita kumi, na huna haja: kanuni za mchezo zinakataza kuchimba ardhi ili kuficha kikasha bila ruhusa ya mwenye ardhi. Kwa hiyo ukifika, simama. Weka simu mfukoni. Tazama ni kitu gani hapo kingemvutia mtu mwenye kikasha mkononi: mti wenye tundu, gogo lililoanguka, nguzo ya uzio, daraja dogo. Rundo la vijiti vilivyopangwa sambamba kupita kiasi, ambalo kiangazi lingekuonyesha mahali mara moja, sasa ni kichuguu cheupe tu. Lakini kichuguu kisicho na sababu karibu na shina la mti ni cha kuchunguzwa. Gonga taratibu kwa fimbo. Gogo hutoa sauti butu, sanduku la chuma la risasi za kijeshi hulia, plastiki ngumu hutoa sauti tupu.

Theluji ina shahidi wake, nyayo. Za waliokutangulia zitakusaidia: mstari unaotoka njiani, unazunguka mti mmoja mara nne, halafu unarudi, hauhitaji ufafanuzi. Za kwako zitamsaidia mpita njia asiyejua mchezo, akaondoka na kikasha akidhani ni takataka. Baada ya kurudisha kikasha, zunguka miti mingine miwili mitatu ya karibu, ukanyage huku na huku. Watoto hupenda kazi hiyo kuliko kutafuta kwenyewe.

Njia za kuteleza kwa skii zilizochongwa kwa mashine usizikanyage. Mabustani mengi yanakataza wenye miguu kuzipitia, na mashimo ya viatu yanaharibu kazi ya usiku mzima na kuwaangusha watu. Tembea pembeni kabisa, au utafute njia iliyoruhusiwa wanaotembea. Kwenye njia za pikipiki za theluji hali ni nyingine tena: zinakuja kwa kasi, nawe kwa kofia iliyofunika masikio utachelewa kuzisikia.

Hatua ya 6: Kufungua na kufunga

Umekishika. Kifuniko hakitoki. Unyevu uliokuwamo pembezoni umekuwa barafu na umeshikana na plastiki. Usitie meno, usigonge kwenye jiwe, na usimwagie chai: maji ya moto yatayeyusha kwa dakika moja kisha yataganda humo humo, na anayefuata atakuta kitu kilichofungwa kama kwa saruji. Plastiki iliyoganda pia hupasuka kwa urahisi. Kiingize ndani ya jaketi, kwapani, uzunguke dakika tatu nne. Kisha kizungushe kifuniko polepole. Vile vya sumaku vilivyobandikwa kwenye vyuma vya kingo za barabara shika kwa glavu tu. Kidole chenye unyevu hunata kwenye chuma kilichoganda, na ngozi hubaki.

Karatasi ndani ya kikopo cha filamu huwa imeviringishwa na kujikaza. Ishike kwa kibano kwenye ukingo wa ndani wa mviringo, izungushe kuelekea inakojikunja ili ipungue unene, ndipo uivute. Ukiivuta moja kwa moja inachanika. Andika tarehe na jina, basi, hadithi utaiandika mtandaoni. Kama kikasha kina vitu vya kubadilishana, usiache kimiminika chochote. Vile vichupa vya mapovu vya watoto huganda, hupasuka, na ikija Machi kila kitu kimejaa sabuni. Kabla ya kufunga pangusa ukingo na ule mpira wa kuzuia maji. Chembe moja ya theluji iliyobanwa hapo inaacha ufa wa kupitisha maji msimu wote. Kirudishe kilipokuwa, si mahali unapoona ni pazuri zaidi.

Visiwa

Jimbo hili lina maziwa zaidi ya elfu kumi, na kwenye visiwa vya baadhi yake vimefichwa vikasha vyenye alama 5 ya njia kwa kuwa vinahitaji mtumbwi. Januari unavifikia kwa miguu. Ndiyo sababu wazoefu husubiri mwaka mzima, na ndiyo sehemu ya mchezo huu inayoweza kuua.

Idara ya Maliasili ya Minnesota inataka angalau inchi 4, yaani sentimita 10, za barafu mpya inayoonekana kama kioo, ndipo mtu atembee. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo inataka unene maradufu. Na idara hiyohiyo husema waziwazi kwamba hakuna barafu salama kwa asilimia mia. Unene haulingani ziwa zima: penye chemchemi, mto unapoingia au kutoka, chini ya daraja na karibu na matete, inakuwa nyembamba. Kuona wavuvi wameketi katikati si kipimo, maana huenda walifika kwa njia nyingine. Unapima mwenyewe kwa mtaimbo, ukiipiga barafu mbele yako kila baada ya hatua chache. Mtaimbo ukipenya kwa pigo moja, rudi kwa nyayo zilezile.

Vaa koti la kuokolea maisha juu ya jaketi, na shingoni tundika misumari miwili yenye vipini. Ukizama, geukia ulikotoka, kwa sababu barafu ya huko ilikubeba. Choma misumari, piga miguu kama unaogelea, jivute kwa tumbo, na ukishatoka usisimame: jiviringishe hadi mbali. Machi, hata ikiwa nene, barafu huwa imeoza ndani. Mimi kufikia hapo kisiwa nimekwisha kukisahau. Na peke yako usiende kamwe, hata Januari.

Macho ya watu

Mtu mwenye kofia iliyofika machoni, tochi kichwani, anapapasa nyuma ya uzio wa watu gizani saa kumi na mbili jioni, ataitiwa polisi. Akiwa mweusi kwenye kitongoji ambacho majirani hawamjui, ataitiwa mapema zaidi. Sioni faida ya kulizungukia jambo hili. Vikasha vya kando ya nyumba za watu vitafute mchana wa wikendi, uso ukiwa wazi, fulana ya chungwa ikiwa mwilini hata kama si msimu wa kuwinda. Mtu akikuuliza, msalimie, mwonyeshe programu na mshale. Polisi akija, mikono ionekane kabla ya maelezo, na simu uitoe baada ya kumwambia kwamba unaitoa. Kikasha kisichonipendeza mahali pake nakipita tu. Vingine viko kibao.

Ukitaka kuficha cha kwako

Omba ruhusa ya mwenye ardhi au bustani kwanza. Kisha chagua kikasha chenye mpira wa kuzuia maji na klipu pande zote nne, ukitundike usawa wa kifua upande wa shina usiopigwa na upepo, na usitegemee majani kukifunika, maana Novemba yatakuwa chini na kikasha kitaonekana kutoka maegesho. Nambari za GPS zichukue siku mbili tofauti, miti ikiwa mitupu.

Na ukirudi nyumbani, andika mtandaoni hata kama hukukipata. Taja kina cha theluji, kama barabara ya kuingia ilikuwa imesafishwa, kama kifuniko kiliganda au karatasi ilikuwa imelowa. Ikiwa karatasi haiandikiki tena, chagua ujumbe wa kumwarifu mwenyewe, na kama uliongeza kipande kikavu kutoka kwenye kifuko chako, mwambie ili asipande kilima bure kwenda kubadilisha.